Bingwa wa Dakika Thelathini na Moja

Saluni yangu ina kiti kimoja cha kunyolea na benchi tatu za kusubiria, na benchi hizo hazikai tupu ila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko. Watu hawaji kwangu kunyolewa tu. Nina mteja ana kipara tangu nimfahamu, hana unywele wa dawa, lakini kila Jumamosi yuko benchi ya mbele anauliza, "Enhe, kuna jipya gani?" Huyo ni Mwalimu, anafundisha hesabu, na kama mtaa huu una habari ambayo haijapita kwenye benchi zangu, basi habari hiyo haijatokea.

Kwa ajili ya wanaosubiri niliweka televisheni na mashine ya gemu, ya zamani, ya picha za miraba. Gemu lilikuwa moja tu, tunaliita Tarishi. Ni jamaa mwenye mkoba wa barua. Anapita mitaa minane, kila mtaa una mbwa wake, na mwisho kuna geti la chuma. Akiitumbukiza barua kwenye geti, umemaliza. Mtaani hapakuwa na mtu aliyelimaliza Tarishi haraka kama mimi, tena bila kuumwa na mbwa hata mmoja. Tulipima kwa saa ya ukutani iliyo juu ya televisheni, na chini ya saa hiyo wateja wenyewe walibandika kipande cha boksi, wakaandika kwa kalamu nene: BINGWA – FUNDI – DAKIKA 31. Kimekaa hapo miaka minne. Nilikuwa nakifuta vumbi mwenyewe.

Sasa hiyo saa, niseme tu mapema, ina siri. Kinyozi aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba kinachomfukuza mteja si foleni, ni saa. Mtu akiona ametimiza saa nzima anasubiri, ananyanyuka. Basi fundi saa mmoja aliifungua ya kwangu akaichezea ndani, ikawa inatembea kivivu: saa moja ya kweli, yenyewe inaonyesha dakika hamsini. Kila asubuhi kabla sijafungua mlango napanda stuli, narudisha mishale mahali pake, na siku inaanza upya. Aliyekuwa akijua habari hiyo ya kila asubuhi ni mtu mmoja tu, mke wangu, kwa sababu yeye ndiye hushika stuli.

Mke wangu anafanya kazi kiwanda cha mikate, anatoka saa saba mchana. Si mtu wa maneno. Akiingia saluni anasalimia, anazoa taulo chafu, anatoka. Nilikuwa napenda kuwaambia wateja, "Nyumba yenye redio moja inatosha, ndiyo maana nilimwoa yule." Watu wanacheka. Jumatatu mimi sikai nyumbani, natembelea wagonjwa, nahani misiba, napita kwa huyu na yule kukusanya ya wiki. Yeye hubaki saluni peke yake akipiga taulo pasi. Ndivyo nilivyojua.

Jumamosi moja nilikuwa namnyoa Msoma Mita, yule anayepita majumbani kusoma mita za umeme, mtu wa namba namba. Nimeshaweka wembe nyuma ya sikio lake, akasema:

"Fundi, hii thelathini na moja yako umeiandikisha?"

"Kuiandikisha wapi? Si ile pale ukutani."

"Mtandaoni. Kuna watu kazi yao ndiyo hiyo. Wanachukua gemu, wanalimaliza mbio mbio, wanajirekodi, wanapeleka video. Kuna orodha ya dunia nzima na wasimamizi wa kukagua."

"Gemu gani?"

"Lolote. Mimi nililikuta la mpira nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakaa nalo mpaka chai ikapoa. Ngoja nitazame kama na Tarishi wako yumo."

Alikuwemo. Msoma Mita alitoa mkono chini ya kitambaa, simu ikaanza kuzunguka kwenye benchi, na saluni nzima ikainama. Wa kwanza duniani alikuwa na jina ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, na muda wake ulikuwa dakika kumi na tisa.

"Kumi na tisa!" Mwalimu alisimama. "Fundi, huyu angemaliza, akanyolewa, akalipa, bado wewe uko mtaa wa tano!"

"Muongo huyo," nikasema. "Iwasheni hiyo video."

Wakaiwasha. Tarishi wake alikimbia kama wangu mpaka mtaa wa pili, halafu akasimama akamngoja mbwa. Mbwa akaja. Yule jamaa akaruka, mbwa akamuuma angali hewani, na Tarishi akarushwa juu ya ukuta, nyumba mbili mbele.

"Huo si wizi?" nikauliza.

"Wizi wapi? Kila mtu ruksa," akasema Msoma Mita. "Aliyegundua hakuficha. Kaandika, kachora na michoro, wenzake wakamshukuru. Wako hivyo. Mtu akipata njia ya mkato anawagawia wote, halafu wanamshinda kwa njia yake mwenyewe, na yeye anawapigia makofi."

Nikaona ni watu wa ajabu sana hao. Mtu unapata siri, unaigawa?

"Tena kuna kijiwe cha wanaoongea Kiswahili," akaendelea huku akisogeza kioo cha simu. "Hiki hapa. Wanaocheza ni kumi na wanane, wanaotazama ni mamia. Anayeongoza anaitwa... Mama Taulo. Ishirini na nne na sekunde nane."

"Mama?"

"Mama, fundi. Amekuacha dakika saba nzima."

Walicheka mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Kabla hawajaiwasha video ya huyo Mama Taulo, bando la Msoma Mita likakata, na mimi nikashukuru mitandao ya simu kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Jumapili mchana nilikaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya kamba ya taulo zilizoanikwa, nikamtafuta mwenyewe. Nilitaka nimwone ana nini huyo mama. Kwenye kijiwe chao sheria ni kwamba video ionyeshe mikono na televisheni kwa pamoja, bila kukatwa. Basi kilichotokea kwanza kilikuwa mikono. Mkono wa kulia ulikuwa na kovu refu la trei ya moto, kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo.

Kovu lile nililipaka dawa mimi wiki mbili.

Nikainua macho juu ya mikono. Televisheni yangu. Juu yake saa yangu. Katikati, kimenyooka vizuri kabisa, kipande changu cha boksi: BINGWA – FUNDI – DAKIKA 31.

Halafu sauti. "Haya jamani, mmefika? Karibuni, sogeeni, wa nyuma waone. Leo mbwa wataniuma mpaka meno yawaume wao."

Sikumjua. Naapa, niliijua sauti lakini sikumjua msemaji. Aliongea dakika ishirini na nne bila kupumzika, vidole vikikimbia. Aliwasema wasimamizi wake kiwandani, akamwigiza mpishi mkuu anavyonusa unga. Chini ya video watu walikuwa wameandika mistari na mistari, Mama wakimgeuza Dada. *Dada Taulo mbavu zangu. Dada Taulo Jumatatu bila wewe si Jumatatu.* Mmoja anajiita Nahodha alikuwepo kila mahali: *Dada yetu, leo umechelewa tukaingiwa na wasiwasi.* Wasiwasi! Ananifahamu huyo? Yeye ni nani wa kuingiwa na wasiwasi juu ya mke wa mtu?

Lakini hata Nahodha ningemmeza. Kilichonikaba ni pale mtaa wa sita, aliposema, "Ngoja niwape ya Bwana Harusi."

Ya Bwana Harusi ni yangu. Nimeisimulia miaka tisa. Jamaa alikuja kunyolewa ndevu asubuhi ya harusi yake, nimemaliza upande mmoja, akapitiwa na usingizi kitini, aliposhtuka muda umekwisha, akakimbilia kwa bibi harusi na nusu ya ndevu. Yule jamaa alihama siku nyingi, hayupo wa kunipinga. Mke wangu akaisimulia ile ile, kwa utulivu, akiachia kimya mahali ambapo mimi huwa najaza maneno, na mwisho akasema, "Aliyelala hakuwa bwana harusi. Alikuwa kinyozi. Mimi ndiye niliyeingia nikamwamsha."

Watu mia mbili na kitu walikuwa wameweka alama ya kicheko. Mimi nikisimulia, hata benchi zikijaa, nawapata kumi na tano.

Nikasikia kandambili zake, nikaizima simu. Akapitisha mkono kati ya taulo mbili, akaipapasa moja. "Hazijakauka bado," akasema, akarudi ndani. Maneno mawili. Wale wa huko wanapata dakika ishirini na nne.

Sikumwambia kitu. Nilijisemea kwamba nangoja wakati mzuri. Wakati mzuri haukufika, kwa sababu Jumanne Msoma Mita alifika kabla yake, na bando jipya.

"Jamani! Mama Taulo ni shemeji!"

Kufikia saa nane benchi hazikutosha, watu wamesimama mpaka mlangoni. Mke wangu alipoingia kuchukua taulo, walipiga makofi. Akaganda na beseni mkononi, akanitazama mimi kwanza. Nikatabasamu kwa meno yote niliyonayo.

"Shemeji, tuonyeshe huyo mbwa wa mtaa wa pili!"

"Mwacheni ana kazi," nikasema.

"Kazi gani, fundi? Umeficha bingwa ndani ya nyumba miaka yote, bado unataka kumficha?"

Wakamtafutia pa kukaa. Benchi zimejaa. Mwalimu, kwa mkono wake, akamwinua mteja wangu mwenye povu shavuni, akamkalisha mke wangu kwenye kiti cha kunyolea, akakizungusha kielekee televisheni. Kiti changu. Mimi mwenyewe sijawahi kukikalia nikiwa na watu. Mke wangu akashika rimoti ya gemu, mbwa wa kwanza akamuuma, Tarishi akaruka ukuta, na saluni yangu ikalipuka kwa shangwe ambayo sijawahi kuipata hata siku nilipoandikwa ukutani. Akaanza kuongea. Akaongea kama kule. Mtu akamwambia, "Shemeji, kumbe una maneno!" naye akajibu, "Yalikuwa yanasubiri foleni." Wakafa kwa kicheko.

Nilisimama kando na wembe wangu, mwenye povu kasimama kando yangu na povu lake. "Fundi," akaninong'oneza, "zamu yangu lini?" Hata zamu yangu sikuijua.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mwenye wivu. Jumatano asubuhi, baada ya kurekebisha saa yangu, nilikaa stuli ile ile nikaingia kwenye kijiwe chao, nikajiandikisha kwa jina la Mkweli. Niliitazama video ya rekodi yake kuanzia mwanzo, safari hii sikutazama mikono. Nikaandika:

*Wasimamizi, kwa nini hamtazami saa iliyo ukutani? Anaanza saa nane na dakika tano, anamaliza saa nane na dakika ishirini na tano. Saa imetembea dakika ishirini. Video ina dakika ishirini na nne. Nne zimetoka wapi? Video hii imechezewa.*

Nikafikiri kidogo. Watasema saa ni mbovu. Nikaongeza: *Na asiwadanganye kuwa saa ni mbovu. Ni nzima, hurekebishwa kila asubuhi.*

Nikabonyeza. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kunyoa kichwa kimoja.

Alhamisi Msoma Mita aliingia bila kusalimia. "Wamemsimamisha." Akasoma kwa sauti yale waliyoandika wasimamizi. Waliandika kwa heshima, sikutegemea: *Dada Taulo, hatusemi umetudanganya. Tunasema kwenye picha moja kuna vipimo viwili vya muda na havikubaliani. Ama video imechezewa, ama saa ina kasoro. Tunakuomba utueleze kabla ya Jumapili jioni. Ukinyamaza, tutalazimika kuifuta rekodi na kulifunga jina lako.*

"Kulifunga maana yake nini?" akauliza Mwalimu.

"Maana yake hachezi tena na wale. Kwisha."

Nilikuwa nimetaka ashuke kidogo tu, arudi kwenye beseni lake. Kufungiwa sikukufikiria. Nikafungua mdomo niseme jambo, lakini benchi zilikuwa zimeshaanza kesi.

"Basi saa ni mbovu, limekwisha," alisema mmoja.

"Saa ya fundi?" Mwalimu akamkazia macho. "Ndugu yangu, mimi asubuhi naingia hapa kuhakikisha muda wa kipindi. Haijawahi kukosea."

"Asubuhi iko sawasawa na ya kwangu," akasema Msoma Mita kwa huzuni. "Nimeshailinganisha mara nyingi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shemeji ameunga vipande vya siku mbalimbali."

Alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwona akiingia, na beseni lake. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenye kumsogezea kiti Jumanne leo alikuwa anachunguza kucha zake. Mke wangu aliitazama saa, akanitazama mimi, akasubiri. Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Neno moja tu lilitosha. Nikawasha mashine ya kunyolea, na kwenye kiti hakuna mtu.

Akazoa taulo, akatoka.

Nilimkuta uani saa kumi, anakamua taulo. Anakamua moja ile ile, imeshakauka.

"Wanasema kuna mtu anaitwa Mkweli," akasema.

"Nimesikia."

"Anajua saa ile hurekebishwa kila asubuhi." Akaitundika taulo, akaibana na vibanio viwili. "Baba watoto, mimi ndiye nashika stuli. Duniani tuko wawili."

Nilitafuta pa kushika, nikashika kamba. Taulo zote zikacheza.

"Ulinificha," nikasema. Ndicho nilichokipata. "Watu mia mbili wanakujua kuliko mimi. Nahodha anaingiwa na wasiwasi ukichelewa. Una maneno yote yale, mimi unaniambia hazijakauka."

"Ulishawahi kuninyamazia nikajaribu?"

"Na ya Bwana Harusi ukaichukua."

"Niliinyoosha tu." Alikaribia kucheka, kisha hakucheka. "Mwaka juzi ulipokuwa kwenye mizunguko yako nilicheza kupitisha muda, pasi inapata moto. Nikatafuta mtandaoni namna ya kumpita mbwa wa mtaa wa saba, nikawakuta. Nilipobisha hodi walinisogezea nafasi. Hakuna aliyeniuliza mume wangu ni nani. Nilikuwa na kitu changu, basi."

"Waambie saa ni mbovu. Si waambie tu!"

"Msoma Mita yumo mle. Mwalimu yumo, kaingia jana. Nikisema saa inatembea kivivu, wataipima. Wakiipima, watauliza anayeirekebisha kila asubuhi haoni? Wateja wako wote, miaka yote." Akachukua beseni. "Saa ni yako, siri ni yako, na Mkweli ni wako. Mimi sisemi. Wakinifunga, wanifunge."

Ijumaa nilimkata mteja sikio, kidogo, lakini damu ni damu. Kila nilipoinua uso, saa ilikuwa inanitazama na lile boksi chini yake. Nilikuwa napiga mahesabu ambayo hayana aibu: nikinyamaza, Jumapili itapita, Nahodha atatafuta wa kumwonea wasiwasi mwingine, na mke wangu atarudi kuwa wangu peke yangu. Halafu nikamkumbuka alivyosimama mlangoni. Atarudi kuwa wangu vipi? Atazoa taulo. Hilo atalifanya. Hata yale maneno mawili, sikuwa na hakika.

Jumamosi saa nne benchi zote tatu zilijaa. Nilizima redio.

"Msoma Mita, toa simu. Fungua ile ya kuhesabu sekunde."

"Ya nini?"

"Panda stuli, iweke sambamba na saa. Na wewe Mwalimu, rekodi. Video isikatwe."

Wakanitazama kama mtu mwenye homa. Lakini wakafanya. Nikamwita mke wangu, siku hiyo hakuwa na zamu, akaja akasimama kwenye fremu ya mlango, mikono ina unga wa sabuni. Sikumkaribisha kiti. Niliogopa kumtazama.

Basi tukakaa. Saluni ile haijawahi kunyamaza tangu niifungue, na siku hiyo watu kumi na saba walitazama mshale wa dakika ukitembea kama mama mjamzito anayepanda ngazi. Dakika tano za simu, saa ilikuwa nyuma. Kumi na mbili za simu zilipotimia, Msoma Mita akasoma ukutani kwa sauti ndogo: "Kumi."

Mtu akakohoa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliichezesha makusudi, msione foleni ndefu. Shemeji yenu hajaunga kitu. Hesabuni wenyewe."

Mwalimu alishakwisha kuhesabu, midomo inamchezacheza. "Ishirini kwenye saa, ishirini na nne kwenye video. Inakwenda barabara." Halafu uso ukambadilika taratibu. "Fundi. Ile siku niliyochelewa mitihani..."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mke wangu alininunia wiki nzima, nikamwapia kwamba nilikaa kwako nusu saa!"

"Na mimi treni ilinipita!" akadakia mwingine. "Nikailaumu treni!"

Walinishukia. Sitaandika yote, mengine ya mama yangu mzazi. Wawili waliondoka na nywele zao, hawajarudi mpaka leo. Kisha Mwalimu akanyoosha kidole kwenye boksi. "Na hiyo thelathini na moja yako, ukiipigia hesabu, ni thelathini na saba na ushee." Msoma Mita, ambaye bado yuko juu ya stuli, akakibandua. Hakunirushia. Alinipa mkononi, na hilo liliniuma zaidi.

Nilipogeuka mlangoni hapakuwa na mtu. Video aliipeleka Msoma Mita. Kabla ya adhuhuri jina la Mama Taulo likarudi juu, na chini yake wasimamizi wameandika samahani ndefu. Hakuna aliyemtafuta Mkweli, na mke wangu hakumtaja. Nilimtaja mwenyewe Jumapili, mbele ya kijiwe chote, kwa mistari miwili: kwamba Mkweli ni mwenye saa, na kwamba alifanya kwa wivu. Nahodha akanijibu wa kwanza: *Kaka, pole. Tungekuwa na dada kama huyo nyumbani sote tungeugua wivu.* Nilisoma mara tatu nikitafuta tusi, sikulipata, nikazidi kumchukia.

Jumatatu sikutoka. Mke wangu alipoingia saluni na pasi, alinikuta benchi ya kusubiria, ile ya nyuma.

"Hakuna mgonjwa leo?" akauliza.

"Yupo mmoja. Kakaa hapa."

Akaifikiria hiyo. Akaegemeza simu kwenye kopo la poda, akaielekeza kwenye televisheni, akashika rimoti. "Ukikaa, unanyamaza," akasema. "Ishirini na nne. Unaweza?"

Niliweza. Sijui kama kuna aliyewahi kupata taabu kama ile. Alichekesha, nikauma shuka la kunyolea. Alikosea jina la mtu wa mtaa huu, nikajizuia kulisahihisha. Kwenye kioo cha simu zilikuwa zinapanda alama za moyo, za kwake, moja baada ya nyingine, na kila moja ilinichoma mahali pale pale. Bado inanichoma, nisiseme uongo.

Mtaa wa sita, mtu akaandika, mke wangu akasoma kwa sauti: "*Dada Taulo, turudie ya Bwana Harusi.*"

Akairudia. Alipofika mwisho akasita, akiachia kile kimya chake, vidole havijasimama, na mwingine akaandika. Akasoma na hiyo: "*Sasa hebu tuambie ukweli, aliyelala ni nani?*"

Hakujibu. Aligeuza shingo kidogo, akanitazama kwenye kioo cha ukutani, mbwa wa mtaa wa sita anakuja mbio.

Nikasogea mbele kwenye benchi mpaka sauti yangu iifikie simu.

"Mimi," nikasema. "Tena nilikoroma."

Mbwa akamuuma hewani, Tarishi akapaa juu ya ukuta, na yeye akacheka, kicheko cha kule.